Kutoka Kizigo hadi kizimbani: njia ya askari wa wanyamapori

Barua ya kuomba kazi ya kulinda tembo haielekezwi porini. Huelekezwa Dodoma, kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mwenye ofisi katika Majengo ya Dkt. Asha-Rose Migiro, Chuo Kikuu cha Dodoma, upande wa Chimwaga. Siku hizi maombi hutumwa kwa mtandao, lakini anwani iliyo juu ya barua ni ileile. Kijana wa Bunda au Namtumbo ambaye hajawahi kuikanyaga Dodoma huanza safari yake ya uaskari kwa kuandika jina la mji huu.

Watu wazima wanaikumbuka Chimwaga kwa siasa. Katika ukumbi wake ndimo CCM ilimpitisha Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na Jakaya Kikwete mwaka 2005. Chuo kikuu kilikuja mwaka 2007, na tangu hapo vilima vya Chimwaga vimekuwa vya vijana wenye bahasha za vyeti mkononi. Wanaotaka kuwa askari wa wanyamapori utawatambua kwa namna walivyojiandaa: mbio za alfajiri, kifua mbele, na mara nyingi cheti cha JKT.

Wengi wamepita Pasiansi, Mwanza. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1966 na ndicho kilichowapika askari wengi wanaolala porini leo. Astashahada yake huunganisha uhifadhi wa wanyamapori na himasheria. Wenye ngazi za juu zaidi hutoka Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, chuo kilichofunguliwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Arusha tamko lake la kulinda wanyamapori (si lile Azimio la 1967 tulilolikariri shuleni). Kuna pia Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, wanakofundishwa askari wa vijiji, watu wanaolinda mapori ya jamii zao kwa posho ndogo na ambao magazeti yetu huwataja kwa nadra mno.

Ukishaajiriwa, unaingia jeshini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, yakaziweka taasisi za uhifadhi za TANAPA, Ngorongoro, TAWA na TFS katika mfumo mmoja wa vyeo, sare na saluti. Mwajiriwa mpya hupelekwa Fort Ikoma, Serengeti, au Mlele, Katavi, akafundishwe kwata, silaha na kuishi porini. Mafunzo hayo ni ya lazima, maana jangili wa meno ya tembo haendi kazini na fimbo. Lakini nimefuatilia mashauri ya wanyamapori kwa muda, na ninaamini kwamba mahali ambapo askari hushindwa zaidi si porini. Ni mahakamani, pengine miaka mitatu baada ya doria, anaposimama mbele ya hakimu na kuulizwa mambo ambayo bunduki haiwezi kuyajibu.

Tuchukue ukamataji wa kawaida katika Pori la Akiba la Kizigo, wilayani Manyoni. Askari wa doria wanaona moshi, wananyemelea, wanawakuta watu wawili wakibanika nyama. Kuna gobole, kuna visu, kuna ngozi ya twiga. Wanawatia mbaroni. Kwa mtazamaji kazi imekwisha, lakini kesi ndiyo kwanza inaanza. Hapohapo, kwa mwanga wa tochi, mtu anapaswa kuandika hati ya ukamataji mali: nini kimekutwa, wapi, saa ngapi, kwa nani. Mtuhumiwa asaini au aweke dole gumba. Shahidi asiye askari awepo pale inapowezekana, na ikishindikana sababu yake ijulikane. Watuhumiwa wafikishwe kituo cha polisi bila kuzungushwa porini siku tatu. Ngozi ile ikabidhiwe kwa maandishi kwa mtunza vielelezo, na kila itakapotoka kwenye mkono mmoja kwenda mwingine pabaki kumbukumbu ya maandishi.

Msingi wa jambo hili la mwisho uliwekwa hapa Dodoma. Mahakama ya Rufani, ikiketi katika mji huu kuamua Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwamba upande wa mashtaka lazima uonyeshe mfululizo wa kumbukumbu tangu kielelezo kinakamatwa hadi kinapofikishwa mahakamani. Haikuwa kesi ya wanyamapori. Hata hivyo mawakili wa watuhumiwa wa ujangili wameinukuu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Baadaye Mahakama hiyohiyo ililegeza kamba kidogo, ikasema vitu kama meno ya tembo, visivyobadilika wala kubadilishana mikono kirahisi, havidai ukali uleule. Nyama haina nafuu hiyo. Nyama huoza, kwa hiyo huteketezwa kwa amri ya hakimu kabla kesi haijasikilizwa. Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba mtuhumiwa ana haki ya kuwapo mbele ya hakimu huyo na kusikilizwa kabla kielelezo hakijateketezwa. Askari anayekwenda kuomba amri ile peke yake, akamwacha mtuhumiwa mahabusu, anaidhoofisha kesi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu kuna swali linalowatoa jasho hata wenye vyeo: ulijuaje kwamba hii ni nyama ya twiga? Kujibu kwamba una uzoefu wa miaka 10 hakutoshi. Mahakama inataka kusikia rangi, unyoya, kwato, mfupa, kitu ambacho hakimu anaweza kukipima kwa akili yake. Hapo somo la baiolojia ambalo mwanafunzi aliliona halina mapambano hugeuka kuwa ushahidi. Baada ya utambuzi huja hati ya uthamini, ambapo twiga mmoja au tembo mmoja huhesabiwa dola za Marekani 15,000. Na kwa kuwa makosa haya huendeshwa kama uhujumu uchumi, panahitajika kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, pamoja na hati ya kuiruhusu mahakama ya chini kusikiliza shauri. Kasoro katika karatasi hizo zimebatilisha kesi nzima zaidi ya mara moja, washtakiwa wakiwa wameshatumikia miaka gerezani.

Ukali huu wa mahakama ninauunga mkono kwa moyo wote. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, kinaweka kifungo cha kati ya miaka 20 na 30 kwa aina nyingi za nyara za Serikali. Mtu wa Farkwa, Chemba, aliyekutwa na sufuria ya nyama anaweza kuingia gerezani mwanawe akiwa mchanga na kutoka akiwa na wajukuu. Sheria yenye uzito huo haiwezi kuachwa mikononi mwa mtu asiyejali saini ya shahidi.

Na Dodoma ina kumbukumbu ya kinachotokea nguvu inapotangulia utaratibu. Hesabu ya tembo nchini ilikuwa 109,051 mwaka 2009. Mwaka 2014 walihesabiwa 43,330. Katikati ya maangamizi hayo, Oktoba 2013, Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza, ikachanganya wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Nia ilikuwa sahihi, kwani tembo walikuwa wanakwisha. Lakini kabla mwezi haujakamilika malalamiko ya wananchi kupigwa, kudhalilishwa, kuuliwa mifugo, na wengine kupoteza maisha yalilifikia Bunge, na operesheni ikasitishwa. Tarehe 20 Desemba mwaka huo James Lembeli, mwenyekiti wa Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, aliwasilisha ripoti ya uchunguzi bungeni mjini Dodoma. Usiku haukupita kabla mawaziri wanne hawajaondoka madarakani, Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii akiwa wa kwanza kutangaza kujiuzulu. Majangili wakapata muda wa kupumua, na mwanakijiji aliyekuwa tayari kutoa taarifa akafunga mdomo.

Mwanakijiji huyo ndiye mwenye kesi mkononi. Ukanda huu wa kati umezungukwa na mapori ya akiba: Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni, Swagaswaga na Mkungunero upande wa Kondoa na Chemba. Swagaswaga iko jirani na Wasandawe, watu walioishi kwa upinde na asali kabla neno ujangili halijazaliwa. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, imejaa wanyama na wawindaji. Askari anayepangiwa kituo huko akitokea mbali anapaswa kuyajua haya kabla hajamwita mzee wa watu jangili.

Anapaswa pia kujua mtama unavyolimwa kwenye nchi ya mvua haba. Tembo huvuka mipaka na kuingia mashamba ya Bahi, Chamwino na Manyoni, na usiku mmoja unatosha kumaliza chakula cha kaya cha mwaka. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia iliyopoteza mtu, na kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi, kisichozidi ekari tano. Askari ndiye anayefika kupima uharibifu. Akichelewa wiki mbili, au asipofika kabisa, siku atakapouliza nani anauza nyamapori kijijini hatajibiwa. Akifika mapema, akakesha na wenye mashamba kwa tochi, honi na moshi wa pilipili, akawafundisha kutundika mizinga ya nyuki pembezoni mwa shamba, simu yake italia bila kuombwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoendesha usaili. Waambieni vijana hawa wawaandikie hati ya ukamataji mali mbele yenu. Wapeni mfupa wa pundamilia na wa ng'ombe, waeleze tofauti kwa maneno ambayo hakimu ataelewa. Waulizeni watamwambia nini mama ambaye mtama wake wote umeliwa na tembo. Wakimbizeni pia, kwa sababu pori linataka mapafu.

Na kijana unayesubiri jina lako kutangazwa, usikae bure mjini. Makao Makuu ya Mahakama, yaliyozinduliwa mwaka 2025, yako hapahapa Dodoma. Rufaa za jinai husikilizwa hadharani, na raia aliyevaa kwa heshima akakaa kimya hazuiwi mlangoni. Uliza ratiba ya vikao, tafuta shauri la nyara, ukae benchi la nyuma na daftari. Andika kila swali wanaloulizwa mawakili wa Serikali kuhusu kazi ya askari aliyekamata.