Fuvu la Kichwa, Homoni na Dawa

Katika vijiji vya Kwedizinga, kama ilivyo kote Handeni na Korogwe, utosi wa mtoto mchanga hauachwi bila kutazamwa. Ukibonyea, mama hujua kwamba mtoto amepungukiwa maji, labda kwa kuharisha. Ukivimba na huku mtoto ana homa, ni dalili ya hatari, na safari ya hospitali haingoji kesho. Hayo yajulikana sana. Lisilojulikana sana ni kwamba utosi huo huo hutoa habari za homoni, za chakula, na hata za dawa alizokunywa mama alipokuwa mjamzito.

Fuvu la mtoto si bakuli moja. Ni vipande vya mfupa bapa vilivyounganishwa kwa utando, na mahali vinapokutana huitwa mishono. Utosi wa nyuma hufungika mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu. Ule wa mbele, kwa watoto walio wengi, hufungika kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Mishono yenyewe hubaki hai kwa miaka mingi baadaye. Sababu ni ubongo. Mtoto azaliwapo, mzunguko wa kichwa chake huwa sentimita 35 hivi, na atimizapo mwaka mmoja hufikia 46 au 47. Ubongo unaokua husukuma, mishono hutanuka, na kwenye kingo zake seli zijengazo huweka mfupa mpya, huku seli nyingine, zile zibomoazo, zikiula mfupa wa zamani kwa upande wa ndani ili nafasi ipatikane. Kazi hizo mbili hazikomi hata uzeeni. Homoni na dawa nyingi huugusa mfupa kwa njia hiyo: ama huzihimiza seli hizo, ama huzizuia.

Homoni ya thairoidi, itokayo katika tezi iliyo mbele ya koo, ndiyo ipangayo mwendo wa kazi yote. Ikipungua tangu kuzaliwa, mifupa huchelewa kukomaa na utosi hubaki wazi na mpana kupita umri wake. Ikizidi, mishono huweza kuziba mapema mno, kichwa kikapotoka umbo. Mwili hauwezi kuitengeneza homoni hiyo bila madini joto. Ndiyo maana Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika sehemu zilizokuwa na rovu nyingi miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ikatungwa sheria ya kuyatia madini hayo katika chumvi. Utosi uliochelewa kufungika ni ishara tu. Hasara kubwa zaidi huwa ndani, katika ubongo.

Vitamini D nayo, ingawa huitwa vitamini, hufanya kazi kama homoni. Ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, ini na figo zikaikamilisha, nayo huuwezesha utumbo kufyonza kalisi. Ikikosekana, fuvu la mtoto hulainika hata likabonyea chini ya kidole, paji la uso hutokeza, na baadaye miguu hupinda: ndiyo matege. Msomaji ataona ni ajabu kuyataja matege katika nchi ya jua kali. Lakini uchunguzi uliofanywa Nigeria na kutangazwa 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege waliokuwa wakiota jua la kutosha walipona kwa kupewa kalisi kuliko kwa vitamini D peke yake. Chakula cha nafaka tupu kina kalisi haba, na ndani ya nafaka mna kitu kiishikacho hata hiyo kidogo isifyonzwe. Kwa nyumba inayokula ugali mchana na usiku, dagaa waliwao pamoja na mifupa yao si kitoweo cha kudharauliwa.

Kuna homoni nyingine ambayo wachache wangedhani ina uhusiano na fuvu, na katika nchi ya malaria kama Korogwe habari yake haifai kupitwa haraka. Hiyo ni erithropoyetini, itolewayo na figo damu ipungukiwapo na hewa ya oksijeni. Kazi yake ni kuuhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alitangaza kwamba mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Hivyo kinasaba hicho kimedumu mahali ambapo mbu wa malaria wamedumu. Mtoto aliyekirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hata hivyo, hapati faida hiyo, hupata ugonjwa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka.

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ile ya selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Figo huona upungufu na kumwaga homoni bila kupumzika, nao uboho hutanuka ili uweze kazi. Sasa, mfupa wa fuvu una tabaka mbili ngumu, la nje na la ndani, na katikati yake mna uboho. Uboho ukitanuka, tabaka la nje husukumwa na kukonda. Mtoto hutokeza paji la uso, na kwa baadhi ya wagonjwa picha ya eksirei huonyesha vijistari vyembamba vilivyosimama juu ya fuvu mithili ya nywele zilizosisimka. Jirani asiyejua husema mtoto ana kichwa kikubwa, au hutafuta aliyemroga. Kumbe ni figo na uboho vinavyohangaika kuokoa damu.

Dawa ipo. Haidroksiyurea huufanya mwili utengeneze tena aina ya hemoglobini ya utotoni, ambayo haigandi kama ile ya selimundu. Chembe huishi zaidi, na uboho hupunguziwa mzigo. Palikuwa na hofu kwamba dawa hiyo ingewadhuru watoto waishio kwenye malaria. Jaribio lililohusisha vituo vinne barani Afrika, vikiwamo Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, likatoa matokeo yake 2019: maumivu, malaria na vifo vilipungua. Yahitaji lakini kupimwa damu mara kwa mara, na hapo ndipo mgonjwa aliye mbali na maabara hupata taabu.

Fuvu likivunjika, habari huwa nyingine. Pikipiki za abiria zimeleta majeraha mengi ya kichwa barabarani. Mfupa wa paja ukivunjika huota kibonge cha mfupa mpya kuzunguka ufa. Fuvu halifanyi hivyo. Kwa mtoto mdogo, utando mgumu uliofunika ubongo una uwezo mkubwa wa kuota mfupa, na ufa huweza kutoweka kwa miezi michache. Kwa mtu mzima uwezo huo umefifia: ufa huungwa kwa nyuzi za kovu na huweza kuonekana katika eksirei kwa miaka, na tundu kubwa halizibi kamwe. Ushahidi wake umekuwapo Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Wataalamu wa kienyeji wa Kisii, magharibi mwa Kenya, waliwapasua watu vichwa na kuukwangua mfupa ili kuondoa maumivu yaliyofuata jeraha, na Edward Margetts aliiandika kazi yao 1967. Wengi wa waliopasuliwa waliishi. Kingo za mfupa zililainika na kupona, bali tundu lilibaki.

Kwa hiyo ingekuwa vema kupata dawa ya kuharakisha uponaji. Baadhi ya dawa zimefanya kinyume. Steroidi, jamaa za kotisoli itokayo katika tezi zilizo juu ya figo, huzifisha seli zijengazo na kuzirefushia maisha zile zibomoazo. Kwa miaka mingi waganga duniani waliwachoma watu walioumia kichwa dawa hizo, wakitumaini kupunguza uvimbe wa ubongo. Mantiki ilikuwa nzuri. Jaribio likafanywa katika hospitali 239 za nchi 49, kwa watu wazima 10,008, na matokeo yakatangazwa 2004: katika wiki mbili za kwanza, kati ya waliopewa steroidi walikufa asilimia 21.1, na kati ya wasiopewa asilimia 17.9. Mazoea yaliyokuwa yakiheshimiwa yalikuwa yanaua.

Hata hivyo dawa hizo zina kazi yake. Mgonjwa wa pumu aliyebanwa huokolewa nazo. Hatari ni vidonge vya predinisoloni vinunuliwavyo dukani bila cheti kwa ajili ya maumivu ya viungo, na mkorogo wa kung'arisha ngozi uliotiwa klobetasoli, ambayo hupenya ngozi na kuingia katika damu. Anayejipaka kwa miaka hudhoofisha mifupa yake bila kumeza hata kidonge kimoja. Tena aliyezoea hapaswi kuacha ghafla, kwa maana tezi zake zimesahau kutoa kotisoli.

Dawa za kifafa nazo zina habari yake. Kuanzia miaka ya 1960 zahanati ya Mahenge, aliyoianzisha Louise Jilek-Aall, ilionyesha jinsi fenobabitali, dawa ya bei nafuu, inavyoweza kumrudisha shambani mtu aliyekuwa ametengwa. Lakini fenobabitali na fenitoini huliharakisha ini kuiharibu vitamini D, na fenitoini itumiwapo miaka mingi huweza kuunenepesha mfupa wa fuvu wenyewe. Valproeti hutisha zaidi: mwanamke aitumiapo mwanzoni mwa ujauzito, mshono wa paji la uso la mtoto huweza kuziba tumboni, na uti wa mgongo ukakosa kufungika. Mabadiliko ya dawa hufanywa na mganga kabla ya mimba kutungwa. Kuziacha kwa hofu huleta degedege la mfululizo, nalo huua.

Homoni ya tezi ndogo zilizo nyuma ya thairoidi ina kioja. Ikiwa nyingi mchana na usiku, hula mfupa. Ikidungwa kidogo mara moja kwa siku, hujenga. Marekani iliiidhinisha kama dawa ya mifupa iliyokonda 2002. Katika fuvu bado haijachukua nafasi ya mkono wa mpasuaji. Ubongo ukivimba baada ya ajali, mpasuaji hukiondoa kipande cha fuvu ili upate nafasi, na penye uhaba wa majokofu ya kugandisha hukishona chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Humo hukaa wiki au miezi, kikilindwa na mwili uliokiotesha, hata uvimbe unywee na kirudishwe mahali pake.