Riba ya mkopo wa udaktari: usisaini haraka

Anayesomea udaktari Kanada akienda benki, kwa kawaida hapewi mkopo kwa mkupuo. Anafunguliwa kikomo, anachota kadiri anavyohitaji, na riba inahesabiwa kwa alichochota tu. Riba hiyo inafuata riba ya msingi ya benki: ikipanda, nayo inapanda.

Benki kubwa za huko huwapa hawa riba ya msingi ukitoa asilimia 0.25. Basi ukitajiwa riba ya msingi kavu, usiingie kichwakichwa. Kwa deni la dola 100,000, tofauti hiyo ni dola 250 kila mwaka. Zungukia benki mbili tatu, omba masharti kwa maandishi, kisha waulize: "Wenzenu wamenipa hii, ninyi mnasemaje?" Wanamtaka daktari wa kesho awe mteja wao, kwa hiyo una nguvu ya kuuliza.

Wakigoma kushuka, bana kwingine: ada za kadi, riba itakuwaje ukimaliza ubingwa, na utapewa muda gani kabla ya kuanza kurejesha deni lenyewe. Maana riba inadaiwa kila mwezi hata ukiwa darasani. Ukiilipa kwa kuchota mkopo uleule, deni linazaa deni.