Jogoo Naye Anahitaji Mafuta Mazuri

Mtetea akiatamia mayai 12 wakatoka vifaranga wanne, wafugaji wengi wa Rusimbi, Kigoma, humlaumu yeye, au joto, au mvua. Jogoo hatajwi. Lakini yai lisilorutubishwa haliwi kifaranga hata likiatamiwa vizuri namna gani, na nguvu ya jogoo kurutubisha hutegemea pia mafuta anayokula.

Kila mbegu ya kiume imefunikwa na utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta. Utando ukiwa laini, mkia hupinda kwa wepesi na mbegu huogelea hadi kulifikia yai. Ulaini huo huletwa na mafuta yasiyoganda, ya omega-6 na omega-3. Mbegu za jogoo zina omega-6 kwa wingi zaidi. Asili yake ni chakula, hasa mahindi, pumba na mashudu ya alizeti.

Omega-3 nayo ina kazi yake. Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba majogoo waliolishwa mafuta ya samaki walirutubisha mayai mengi kuliko waliolishwa mafuta ya mahindi. Sisi wa Kigoma hatuna haja ya kuyaagiza mafuta hayo mbali, maana yamo ndani ya dagaa wa Ziwa Tanganyika.

Tatizo ni kwamba mafuta haya laini huharibika upesi yakipata hewa na joto. Dagaa waliokaa sana ghalani wakatoa harufu kali wasipewe jogoo. Hata ndani ya mwili wake uharibifu huo hutokea, na mbegu hufa. Kinga kubwa ni vitamini E, kwa hiyo ukiongeza dagaa, ongeza pia mbegu za alizeti na majani mabichi kama mchicha.

Na mawese yetu? Mawese mekundu yana vitamini E, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya kuganda. Yanasaidia, ila hayashiki nafasi ya dagaa wala alizeti. Mafuta yakizidi, ya aina yoyote ile, jogoo hunenepa akashindwa kumpanda mtetea.

Kwa kawaida dagaa wasizidi kilo 10 katika kila kilo 100 za chakula. Kisha subiri. Mbegu hutengenezwa kwa takriban wiki mbili, na mtetea huhifadhi mbegu za zamani mwilini kwa wiki mbili au zaidi. Mabadiliko yapime baada ya mwezi mmoja na kitu. Siku ya 7 ya kuatamia, yamulike mayai kwa tochi gizani. Lenye mishipa ya damu limerutubishwa. Lililo jeupe tupu huenda halikurutubishwa.

Jogoo mmoja huhudumia mitetea wapatao 10. Akidhoofika, hasara huingia katika viota vyote kumi. Dagaa safi wachache na mbegu za alizeti kwa jogoo huyo mmoja ni gharama ndogo kuliko mayai yanayotupwa kila msimu.