Nilimchora Mama wa Watu Bila Kumwomba

Mwaka jana, muhula wa pili, nilikuwa na daftari dogo la kuchorea ambalo halikunitoka mkononi. Nikipanda daladala, nachora. Nikikaa foleni ya benki siku ya boom, nachora. Jioni moja tumekwama barabarani, magari hayaendi, na mbele yangu amekaa mama mmoja mwenye ndoo tupu ya maandazi mapajani. Amelala. Kichwa kimeegemea dirisha, mdomo uko wazi kidogo, mkono mmoja umeshika mpini wa ndoo kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya. Nikamchora kwa dakika kumi hivi. Kwa kweli ilitoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora.

Nikaipiga picha, nikaitupia mtandaoni. Wana wakaipenda, wakasambaza. Baada ya wiki mbili, dada mmoja wa mwaka wa kwanza akanifuata kantini. Hakukaa. Akaniuliza, "Kaka, yule mama uliyemchora amelala, ulimwomba?"

Nikasema hapana, mbona simjui.

"Ni mama yangu. Anaamka saa tisa usiku kukanda unga ili mimi nikae hapa nisome. Wewe umemwona amechoka, ukaona umepata picha."

Niliifuta siku hiyohiyo, lakini swali lake halikufutika. Mchoraji ana haki gani juu ya sura ya mtu asiyemjua? Mpaka siku ile, mtu akiniuliza kwa nini nachora wapita njia, nilikuwa na jibu moja tu: "Hata Toulouse-Lautrec alifanya hivyo." Basi nikaona ni haki nirudi kumsoma vizuri huyo niliyekuwa najifichia nyuma yake. Niliyoyakuta ndiyo ninayowaeleza hapa.

Mtoto wa kabaila ukumbini

Henri de Toulouse-Lautrec alizaliwa mwaka 1864 mjini Albi, kusini mwa Ufaransa, katika ukoo wa makabaila. Baba yake alikuwa mtu wa farasi na uwindaji. Wazazi wake walikuwa mabinamu, na inaaminika kwamba ndiyo sababu mifupa yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni. Akiwa na miaka 13 alivunjika paja moja, na mwaka uliofuata akavunjika la pili. Kiwiliwili kiliendelea kukua, miguu haikukua tena. Maisha ya baba yake yakawa yamemshinda. Kilichobaki kilikuwa kalamu.

Mwaka 1882 alikwenda Paris kusomea uchoraji, akajikuta mtaa wa Montmartre, mlimani juu ya jiji. Kodi ilikuwa nafuu na baa zilikuwa nyingi. Waliokaa huko walikuwa madobi, washona nguo, wanasarakasi na wanamuziki. Mwaka 1889 ukafunguliwa ukumbi wa Moulin Rouge. Lautrec alikuwa na meza yake pale. Alikaa, akanywa, akachora, usiku baada ya usiku, kwa miaka.

Hapa ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza. Mimi nilimwona yule mama dakika kumi. Lautrec alirudi kwa watu walewale mpaka wakamzoea naye akawazoea. Alijua mnenguaji fulani akichoka hushika kiuno, mwimbaji fulani kabla ya kuanza huinua kidevu. Kazi ya macho aliifanya miaka mingi kabla ya brashi.

Kumjua mtu bila kuona uso

Tukisema picha ya mtu, wengi tunafikiria uso: macho, pua, mdomo, vifanane. Lautrec alijua kwamba mtu anatambulika kwa mengine pia. Ukiwa dirishani hosteli unamjua rafiki yako akiwa mbali, hata uso huuoni. Umemjua kwa mwendo na namna anavyobeba begi. Huo ndio ujuzi Lautrec alioupeleka kwenye karatasi.

Bango lake la kwanza kubwa ni la mwaka 1891, la kuitangaza Moulin Rouge. Lina urefu unaokaribia mita 2. Katikati yuko Louise Weber, mnenguaji aliyejulikana kwa jina la jukwaani La Goulue, yaani mlafi, mguu juu, sketi nyeupe imefunguka. Mbele yake ni kivuli cha kijivu cha mwanamume mwembamba, Valentin, aliyekuwa akicheza naye. Watazamaji nyuma ni weusi mtupu, kofia na mabega tu. Paris nzima iliwajua wawili wale.

Angalia pia bango la ukumbi wa Divan Japonais, la mwaka 1893. Mbele amekaa mnenguaji Jane Avril, lakini safari hii yeye ni mtazamaji. Jukwaani yuko mwimbaji Yvette Guilbert, na kichwa chake kimekatwa na ukingo wa juu wa karatasi! Hana uso kabisa. Ila ana glavu ndefu nyeusi mpaka juu ya viwiko, na kwa watu wa Paris glavu hizo zilitosha.

Ufundi wa mabango haya nao ulimsukuma huko. Aliyachapa kwa litografia. Unachora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, kisha unalilowanisha. Maji hukaa penye jiwe tupu na hukataa penye mafuta. Wino wa mafuta hufanya kinyume chake. Ukibandika karatasi na kugandamiza, mchoro unahamia. Kila rangi ina jiwe lake, kwa hiyo mabango mengi yana rangi chache na mistari mikubwa. Lautrec alirushia pia matone ya wino kwa mswaki ili kupata ukungu. Na bango lilisomwa na mtu anayepita haraka barabarani. Halikuwa na nafasi ya maelezo mengi.

Baada ya shoo

Picha zake ninazozipenda zaidi, hata hivyo, hazina jukwaa. Ipo moja ya mwaka 1892 hivi, inatunzwa Courtauld, London. Jane Avril yuko mlangoni pa Moulin Rouge, amevaa koti, anavaa glavu. Hajafika hata miaka 25, lakini uso umekwisha. Ukiondoa jina la ukumbi, ungedhani ni mfanyakazi yeyote anayetoka au kuingia zamu. Na ndivyo alivyokuwa. Kunengua ilikuwa kazi, na mguu ulioinuliwa kwenye bango unauma ukishashushwa.

Nilipoiona picha hii tena nilijisemea, si hiki nilichokifanya? Amechora uchovu, nimechora uchovu. Tofauti iko wapi?

Tofauti moja ni kwamba Jane Avril alimjua. Walikuwa marafiki. Alijua anachorwa, alipenda kazi za Lautrec, na mwaka 1893 kulitoka bango lake mwenyewe lililochorwa na Lautrec huyo huyo. Uchovu wake haukuibwa.

Lakini tusimfanye malaika

Ingekuwa rahisi niishie hapo na kusema Lautrec alikuwa mwema, mimi nilikosea. Mambo hayako hivyo.

Yvette Guilbert alipooneshwa mchoro wa kwanza wa bango lake alikataa, na mwaka 1894 alimwandikia Lautrec akimsihi asimfanye kuwa na sura mbaya namna ile. Lautrec hakulegeza sana. Mwaka huohuo ilichapishwa albamu ya michoro yake 16 kuhusu Guilbert, pua ndefu na shingo kama ya mbuni vipo palepale. Zilitoka nakala 100. Na Guilbert akazisaini zote kwa mkono wake. Alilalamika, kisha akasaini. Sioni kama moja linafuta jingine. Angalau alikuwa na nguvu ya kusema hapana, na akasikika, kwa sababu alikuwa nyota.

Carmen Gaudin hakuwa nyota. Alikuwa msichana wa kazi mwenye nywele nyekundu ambaye Lautrec alimwona mtaani katikati ya miaka ya 1880, akamwomba akae achorwe. Yumo katika picha kadhaa, mojawapo ile ya dobi aliyeegemea meza, anatazama nje ya dirisha, nywele zimefunika macho. Mwaka 2005 picha hiyo ilinunuliwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 22. Kuhusu maisha ya Carmen tunajua kidogo mno. Sura yake imesafiri dunia nzima, yeye mwenyewe amebaki Montmartre.

Na yupo Rafael Padilla. Alizaliwa Cuba, Mwafrika kwa asili, utotoni akiwa mtumwa. Alipofika Paris akawa mchekeshaji wa sarakasi kwa jina la Chocolat, akifanya kazi na Mwingereza George Foottit. Jukwaani mchezo wao ulikuwa mmoja: mzungu anapiga, mweusi anapigwa, watu wanacheka. Mwaka 1896 Lautrec alimchora akiwa baa, baada ya kazi, anacheza peke yake, mkono mmoja juu, mwili umepinda kwa madaha kama mwalimu wa dansi. Hakuna anayempiga. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tazama uso: umechorwa kama wachoraji katuni wa enzi ile walivyozoea kuwachora watu weusi. Jicho lililouona mwili kwa heshima lilishindwa kuuona uso kwa heshima hiyohiyo. Padilla alifariki mwaka 1917 mjini Bordeaux akiwa maskini.

Nimeyaweka haya matatu pamoja makusudi. Kumchora mtu kuna pande mbili, na kinachoamua kama ni heshima au wizi ni uwezo wa huyo mtu kusema neno. Guilbert aliweza. Padilla na Carmen hatuna neno lao. Mama wa maandazi hakupewa nafasi kabisa, alikuwa amelala!

Walioomba wenyewe

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu Lautrec ambalo sikulijua kabla. Mwaka 1895 La Goulue alikuwa ameondoka Moulin Rouge, nyota yake imeanza kushuka. Akaamua kufungua banda lake mwenyewe kwenye maonesho ya mtaani ya Foire du Trône. Akamwandikia Lautrec kumwomba amchoree mapambo ya mlango. Lautrec alimchorea turubai mbili kubwa, moja ya enzi zake za Moulin Rouge, nyingine ya wakati ule anaanza upya. Leo ziko makumbusho ya Orsay, Paris. La Goulue alikuwa amechorwa miaka mingi kwa faida ya ukumbi. Safari hii alitaka sura yake imfanyie kazi yeye. Na alijua amwombe nani.

Lautrec naye kuna siku macho yake yalimwokoa. Mwaka 1899, pombe ikiwa imemharibu, ndugu zake walimweka hospitali ya wagonjwa wa akili. Ili kuwathibitishia madaktari kwamba akili iko sawa, alichora michoro ya sarakasi, farasi, wanasarakasi na wachekeshaji, yote kwa kumbukumbu, hakuna mtu wa kumtazama. Walimruhusu kutoka. Watu aliokuwa akiwatazama tangu ujana ndio waliomtoa. Alifariki mwaka 1901, hajatimiza miaka 37.

Saa kumi alfajiri

Nilimwomba yule dada anipeleke kwao. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Nilibeba ule mchoro wenyewe, karatasi halisi, nikampa mama kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndio wewe?"

Aliutazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ndoo yangu umeipatia. Mimi hujanipatia." Nikaomba msamaha. Akaniuliza kwa nini nimchore amelala wakati saa zote za siku yuko macho. Kama nataka kumchora, akasema, nije saa kumi alfajiri, kama wanachuo tunaweza kuamka saa hizo.

Nimekwenda mara tatu. Mwanga ni wa taa moja na moto wa jiko, moshi unauma macho, na mikono yake haitulii hata sekunde: anakanda, anakata, anageuza. Mchoro wa kwanza aliucheka. Wa pili akasema mikono ni ya mtu anayefua, si anayekanda. Alikuwa sahihi, nilikuwa sijaona kwamba anasukuma kwa kiganja, si kwa vidole. Wa tatu ameuweka ukutani, karibu na kalenda.

Mhariri aliniomba picha ya kuweka kwenye ukurasa huu. Nilimpelekea mama ombi hilo. Amesema atafikiria.