Kaseti na Sauti ya Mwanafunzi

Miongoni mwa vifaa vilivyopata kumsaidia mwalimu wa lugha, kaseti ina mahali pake. Yafaa historia yake ifahamike, kwani ndani yake mna fundisho kwa kazi yetu.

Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipaka unga wa chuma juu ya ukanda wa karatasi ili kunasa sauti kwa nguvu ya sumaku. Mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha mjini Berlin mashine iliyotumia utepe wa plastiki. Mashine za namna hiyo zilikuwa nzito, na utepe wake ulizungushwa wazi katika magurudumu mawili. Ndipo mwaka 1963 kampuni ya Philips ilipoleta kaseti, iliyobuniwa na kikundi cha Lou Ottens huko Hasselt, Ubelgiji. Utepe wenye upana wa milimita 3.81 ulifungwa ndani ya kikasha kidogo, na kinasa sauti chake kiliendeshwa kwa betri.

Kwa mwalimu, faida zilikuwa mbili. Kwanza, kipindi cha redio hupita mara moja tu, bali kaseti husimamishwa na kurudishwa nyuma mpaka darasa lielewe. Pili, na hii ndiyo kubwa, mwanafunzi aliweza kuisikia sauti yake mwenyewe. Atamkaye "lafiki" badala ya "rafiki" aghalabu hatambui kosa lake. Akijisikia, huanza kulitambua.

Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, kifaa cha kuchukuliwa popote. Kilitokana na kinasa sauti kidogo, lakini uwezo wa kunasa uliondolewa. Hivyo mwenye kifaa akabaki msikilizaji tu.

Siku hizi simu ya mkononi hunasa na kusikilizisha pia. Hata hivyo, mwalimu aitumiaye kusikilizisha peke yake huwarudisha wanafunzi wake katika hali hiyo ya kusikiliza tu. Hapana budi kila mwanafunzi anaswe akisoma aya fupi mwanzoni mwa muhula, sauti hiyo ihifadhiwe, kisha asome aya ile ile mwishoni. Azisikilize zote mbili na aeleze mwenyewe tofauti anazozisikia, kabla mwalimu hajasema neno.