Wawili wawili: Mlango wa Afrika Mashariki kwenye tenisi

UKIFIKA Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ukataka ubishi wa michezo, wewe taja Simba na Yanga tu. Mtabishana mpaka jua lizame upande wa Malawi. Taja tenisi sasa, wengi watakuangalia tu.

Lakini mtu wa Liuli anaijua siri ya tenisi ya wawili wawili kuliko anavyodhani. Wavuvi wa usipa wanapoingia ziwani usiku na taa zao, mmoja akivuta nyavu, mwenzake lazima ahakikishe chombo kimetulia. Wote wakiegemea upande mmoja, wanaoga wote.

Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo. Na kwa wachezaji wa ukanda huu, huo ndio mlango uliowapitisha kwenda kubeba mataji ambayo wakiwa peke yao hawakuyapata.

IKO HIVI

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Wakicheza mmoja mmoja, upana ni mita 8.23. Wakicheza wawili wawili, vile vipande viwili vya pembeni vinahesabiwa na upana unakuwa mita 10.97.

Mmoja anaanzisha mpira kutoka nyuma, mwenzake anasimama karibu na wavu akivizia mpira unaorudi ili aumalize. Kazi inakuja mpira ukipigwa katikati yao. Ni wa nani? Kama hawaelewani, wote wawili wanausindikiza kwa macho.

Shabiki wa Yanga aliyewaona Nadir Haroub ‘Cannavaro’ na Kelvin Yondani wakicheza beki ya kati haitaji somo refu hapo. Mmoja akitoka kwenda kukaba, mwingine anafunika nyuma. Ndiyo maana kwenye tenisi mastaa wawili waliokutanishwa jana wanaweza kuchapwa na watu wa kawaida waliozoeana.

WEKESA ALIANZA ZAMANI

Mkenya Paul Wekesa hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Julai 1995 alifika nafasi ya 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja, na hiyo si kazi ndogo. Lakini mataji matatu aliyobeba kwenye mashindano makubwa ya wanaume wa kulipwa yote ni ya wawili wawili.

Shuka kusini hadi Zimbabwe, unakutana na Cara Black. Dada huyu alibeba ubingwa wa Wimbledon wa wanawake wawili wawili mara tatu: 2004, 2005 na 2007. Wa kwanza aliubeba na Rennae Stubbs wa Australia, miwili iliyofuata akiwa na Liezel Huber, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Umeona kitu hapo? Wenzake wote walitoka nje ya nchi yake.

Taifa Stars ikikosa straika, haiwezi kwenda kuazima Mbrazili. Kwenye mashindano kama Wimbledon, inaruhusiwa. Bendera mbili zinasimama upande mmoja wa wavu na hakuna anayeuliza. Nchi yenye mchezaji mmoja tu wa maana hailazimiki kusubiri wa pili azaliwe.

DAKIKA ZA OKUTOYI

Mwenye faida na sheria hiyo ni Angella Okutoyi wa Kenya. Mama yake alifariki baada ya kumzaa yeye na pacha wake, na bibi yao akawalea Nairobi, kwenye shule aliyokuwa akifanya kazi ya usafi.

Julai 2022, akiwa na miaka 18, aliingia fainali ya wasichana wawili wawili Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwa Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko.

Seti ya kwanza wakapigwa 6-3. Ya pili wakashinda 6-4. Seti ya tatu haikuchezwa nzima. Ilikuwa mbio za kufikisha pointi 10, tena kwa sharti kwamba lazima umzidi mwenzako pointi mbili. Ni kama penalti, presha kinoma.

Ikafika 9-9. Hapo wote wanne walibakiza pointi mbili kuwa mabingwa. Okutoyi na Nijkamp wakazichukua zote, 11-9. Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza wa Grand Slam, ingawa ni ngazi ya vijana.

Anayedhani walikutana na vibonde amtazame huyo Mboko. Ni binti wa wazazi waliotoka DR Congo, na Agosti 2025 alibeba ubingwa wa wanawake Montreal kwa kumpiga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 kwenye fainali.

HELA SASA

Hapa ndipo penye maumivu. Mwaka ule wa 2022, bingwa wa mmoja mmoja Wimbledon alilipwa pauni milioni 2. Mabingwa wa wawili wawili walipewa pauni 540,000, tena za kugawana. Vijana hawalipwi chochote. Okutoyi alitoka London na heshima na kombe, bila hundi.

Kwa mchezaji anayetoka familia ya kawaida, nauli, kocha na raketi havisubiri heshima. Okutoyi alikwenda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 akatwaa dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika jijini Accra. Sasa anaweza kusimama hata peke yake.

Siku mechi ya wawili wawili ikioneshwa kwenye runinga, shabiki wa soka usihangaike na anayepiga mpira. Mwangalie yule asiyekuwa nao: anasogea wapi, anaziba wapi, anamwambia nini mwenzake. Ukimwelewa huyo, utajua mapema pointi inaenda upande gani.