Gemu ya mkononi kwa mtoto: piga hesabu kabla ya kugusa mtaji

KIKORONGO, Kasese

Katika njiapanda ya Kikorongo, kusini mwa mji wa Kasese, barabara inagawanyika. Moja inateremka kuelekea Katunguru na Mbarara. Nyingine inakwenda magharibi hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, mwendo usiofika kilomita 40. Malori ya saruji, mchele, sabuni na mabati yanayoelekea Beni na Butembo hupita hapa, na kutoka Congo huja kahawa, mbao na vitenge. Mzigo wa malori hayo unajulikana na una karatasi zake. Usiojulikana sana ni ule mdogo unaowekwa chini ya mkoba wa mama au ndani ya koti la baba: mashine ya gemu ya mkononi iliyoombwa na mtoto.

Ombi lenyewe huanza kwa urahisi. Mtoto ameiona mashine kwa mwenzake, au kwenye kioo cha duka mjini Kasese, au kwenye simu ya kaka yake. Mzazi ni mfanyabiashara. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, hutoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Anajua kwamba hashindi nyumbani, na anajua kwamba mtoto naye ameliona hilo. Ndiyo maana ombi hili huwa gumu kulikataa kuliko ombi la viatu.

Kwa nyumba zinazoishi kwa biashara ya mpakani, hakuna haja ya kuuliza kama mtoto ataipenda. Ataipenda. Ya kuuliza ni matatu: fedha zitatoka mfuko upi, mashine itagharimu kiasi gani hadi iweze kuchezwa, na nani atakuwa na mtoto wakati mzazi yuko ng'ambo ya mto Lubiriha.

Mashine za aina tatu

Neno "gemu" linafunika vitu vinavyotofautiana sana kwa bei. Aina ya kwanza ni ile ndogo ya plastiki yenye kioo cha rangi moja, ambayo mchezaji hupanga matofali yanayoanguka. Mchezo huo ni Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984. Mashine hii hutumia betri ndogo za kawaida, haihitaji intaneti, na ikivunjika familia haitauza mbuzi kwa ajili yake.

Aina ya pili ni ile ambayo sanduku lake hutangaza kuwa ina gemu 400 ndani. Nyingi ya gemu hizo ni za kizazi cha mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na baadhi zimerudiwa kwa majina tofauti ili idadi itimie. Ina waya wa kuiunganisha na televisheni. Betri yake mara nyingi ni BL-5C, ile ile ya simu ndogo za Nokia, kwa hiyo ikifa hupatikana kwa fundi simu yeyote. Hapo pia pana tahadhari: betri bandia za aina hiyo ni nyingi. Hata betri halisi ziliwahi kuleta shida. Mwaka 2007 Nokia ilitoa onyo kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na kampuni moja ya Japani, kwa kuwa zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Betri iliyovimba haifai kuachwa kwenye chaji usiku, wala kuachiwa mtoto.

Aina ya tatu ndiyo inayotikisa mtaji. Nintendo ilitoa Switch mwezi Machi 2017, ikatoa Switch Lite Septemba 2019 kwa bei ya dola 199.99 huko Marekani, kisha Switch 2 tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99. Hizo zilikuwa bei za dukani Marekani mashine zilipotoka. Nauli, forodha na faida ya muuzaji wa Kampala bado hazijaingia.

Tofauti ndogo kati ya mashine hizi huweza kumtia mnunuzi hasara. Switch Lite haiunganishwi na televisheni. Ni ya kuchezewa mkononi tu, na nyumba yenye watoto watano itakuwa na mmoja anayecheza na wanne wanaogombana. Switch 2 haitumii kadi ya kawaida ya kumbukumbu kuhifadhi gemu. Inataka aina mpya ya microSD Express, ambayo si ile inayouzwa kwa ajili ya simu. Tena, baadhi ya kadi za gemu za Switch 2 hazina gemu ndani yake. Zina ufunguo tu, na gemu yenyewe hupakuliwa kwa intaneti kabla ya kuchezwa mara ya kwanza. Mzazi wa Bwera anayenunua kadi ya namna hiyo atanunua na bando kubwa la intaneti, apende asipende.

Forodha haitambui zawadi

Wafanyabiashara wadogo wa Mpondwe wamezoea utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao wengi huuita STR. Bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, hupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa na hazitozwi ushuru wa forodha. Hapa ndipo wengine huteleza. Mashine ya gemu haikulimwa Kasese wala kutengenezwa Nairobi. Mashine za Switch hutengenezwa China na Vietnam, kwa hiyo cheti hicho hakizihusu hata kama thamani yake ni dola 200.

Congo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya mwezi Julai 2022. Wapo waliodhani kwamba tangu siku hiyo kila kitu kinavuka bure. Sivyo. Uanachama haukufuta ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ya ukanda, wala haukuondoa maofisa wa Kasindi.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Bidhaa nyingi zilizokamilika huangukia asilimia 25, nyingine 35. Chukua mfano wa mashine iliyofika Uganda ikiwa na thamani ya forodha ya dola 200, na ikawekwa kwenye asilimia 25. Ushuru ni dola 50. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla ya dola 250, nayo ni dola 45. Mashine imefika dola 295, na tozo nyingine ndogo bado. Ndiyo sababu bei ya duka la Kampala humshtua mtu aliyeiona bei ya Marekani kwenye simu.

Sheria ya forodha ya Jumuiya humpa msafiri nafuu kwa vitu vyake binafsi, ila kwa masharti, na mojawapo ni muda aliokaa nje ya nchi. Anayevuka asubuhi na kurudi jioni asijihesabu kuwa msafiri wa namna hiyo. Njia salama ni kuuliza dirishani kabla ya kununua, na kubeba risiti yenye jina la mashine na bei. Mashine isiyo na risiti hukadiriwa thamani na ofisa, na mwenye mali hana karatasi ya kumjibu.

Siku 40 za soko

Mfanyabiashara anaijua tofauti ya mauzo na faida akiwa sokoni. Akifika nyumbani, mbele ya mtoto, tofauti hiyo husahaulika. Noti zilizo mkononi Ijumaa jioni zinaonekana nyingi, lakini sehemu kubwa yake ni samaki wa Jumanne ijayo.

Hesabu inayofaa ni ya siku za soko. Mama anayeweza kutenga dola 5 kutoka katika faida ya kila siku ya soko, baada ya chakula, usafiri na ushuru wa soko, atafikisha dola 200 baada ya siku 40. Kwa siku mbili kwa wiki, hizo ni wiki 20. Kwa dola 295 anahitaji siku 59, yaani miezi saba hivi. Kwa Switch 2, hata kwa bei yake ya Marekani ya Juni 2025 bila kodi, ni siku 90, karibu mwaka mzima. Anayeona muda huo ni mrefu mno ameshapata jibu lake. Akinunua leo kwa mkupuo, dola hizo hazikutoka hewani. Zimetoka kwenye mzigo.

Watu wa mpakani hawahitaji kufundishwa mtaji ukiisha kinachofuata ni nini. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na kuzifungua zote tena Januari 2022. Wakati wa ugonjwa huo malori ya mizigo yaliendelea kuvuka, lakini wavukaji wa miguu na mabegi walizuiwa. Watoto walikuwa nyumbani, mapato hayakuwepo, na mtaji uliliwa. Aliyebakiwa na chochote alianza tena mapema. Aliyemaliza chote alianza kwa mkopo.

Kalenda nayo ina lake. Mwaka wa shule wa Uganda huanza kwa kawaida mwezi Februari, wiki chache tu baada ya Krismasi, wakati ambao maombi ya zawadi huwa yamepamba moto. Mashine iliyonunuliwa Desemba kwa fedha za karo huuzwa kwa nusu bei mwezi unaofuata, na mtoto huishuhudia ikiondoka. Kwa anayesoma bweni upo ugumu mwingine: shule nyingi za bweni haziruhusu vifaa kama hivi, kwa hiyo mashine ya bei kubwa italala kabatini sehemu kubwa ya mwaka.

Nani anabaki na mtoto

Wazazi wengi hukiri kwamba mashine huwavutia pia wao wenyewe, kwa kuwa hutuliza nyumba. Mtoto anayecheza gemu sebuleni hazururi barabarani, ambako malori hayapunguzi mwendo. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa nyumba zilizo kando ya barabara kuu.

Lakini mashine haiwezi kushika nafasi ya mlezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka 2020 haukutaja saa, bali ulisema muda wa skrini wa kujiburudisha upunguzwe na mtoto apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Shirika hilo pia limeutambua ugonjwa wa uraibu wa gemu, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila mtoto anayependa gemu ni mgonjwa. Dalili ni mtu kushindwa kujizuia, kuacha mambo mengine yote na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi.

Nintendo ina programu ya simu inayomwezesha mzazi kuweka kikomo cha muda akiwa mbali, mradi nyumbani kuna intaneti. Mashine ya gemu 400 haina kikomo hicho, lakini haina intaneti pia, kwa hiyo hakuna mgeni wa kumwandikia mtoto wala duka la kumshawishi anunue. Kwa nyumba ambayo mlezi ni bibi, mashine nyepesi ambayo bibi anaweza kuizima na kuifungia sandukuni huenda ikafaa kuliko ile inayohitaji nywila.

Lipo pia jambo la kumsikiliza mtoto vizuri. Omweso, mchezo wa Uganda wa mashimo 32 na kete 64, haugharimu chochote ukichimbwa ardhini. Una sharti moja tu: lazima awepo mtu wa pili. Mtoto akiulizwa angependa kucheza na nani, jibu lake huweza kumwonyesha mzazi kwamba kilichopungua nyumbani si mashine. Ikiwa anachokitaka ni mtu wa kukaa naye, basi Jumapili moja ya mzazi itafanya kazi ambayo dola 200 haziwezi.

Kabla ya kulipa

Kwa mzazi aliyepima yote hayo na bado anaona mashine inafaa, mpangilio ni huu. Karo ya muhula ujao iwekwe kando kwanza. Mtaji wa mizigo miwili inayofuata usiguswe. Fedha za mashine zitengwe pembeni, siku ya soko hadi siku ya soko, na mtoto aelezwe zimefika wapi. Dukani, mashine iwashwe, ichezwe, ichomekwe chaji, na kadi ya gemu ifunguliwe mbele ya muuzaji. Risiti iandikwe kwa ukamilifu. Nyumbani, saa za kucheza na mahali pa kuihifadhi pakubaliwe kabla sanduku halijafunguliwa, huku mlezi akiwa amekaa hapo hapo.

Na kwa aliyeona haiwezekani mwaka huu, mtoto aambiwe hivyo waziwazi, pamoja na sababu. Watoto wa wafanyabiashara hukua wakisikia bei, faida na hasara tangu wakiwa mgongoni. Wanaielewa hesabu ikifanywa mbele yao. Wasichokielewa ni ahadi ya "soko lijalo" inayorudiwa kila Ijumaa hadi mtoto aache kuiuliza.